Asiyefika Amepona

Tangazo lilisomwa redioni mara tatu siku ya Jumatatu, baada ya taarifa za vifo na kabla ya muziki. Lilisema kwamba kila mwenye kadi ya ulemavu katika mji wa Bukavu afike mwenyewe, kwa mwili wake, kwenye Ofisi ya Mshikamano huko Kasha, siku ya Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, ili akaguliwe. Asiyefika, likamalizia, atahesabiwa kuwa amepona.

Georgette M'Murhula alilisikia akiwa Muhumba, ameketi mlangoni pa chumba cha uani alichopanga, anachambua maharagwe. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliacha maharagwe. Mara ya tatu alimwita binti yake Aurore aje wasikilize pamoja, maana alidhani labda masikio yake ndiyo yenye kosa. Aurore alikuwa sekondari na alizoea kusahihisha watu, lakini safari hii hakuwa na la kusahihisha. Mama yake alikuwa amesikia vizuri.

"Mie niko natafuta dawa miaka makumi tatu na tano," Georgette akasema, "kumbe dawa ni kubaki kwa nyumba."

Zamani ofisi hiyo ilikuwa mjini, chini kabisa, mlango wake ukitazama barabara. Vita ya pili ilipoingia, wanajeshi waliipenda nyumba ile, na mwanajeshi akipenda nyumba mwenyewe hujikuta amehama. Ofisi ikapelekwa Kasha, pembeni ya Bagira, kwenye ghorofa ya jengo lililokuwa shule ya ushonaji. Ndiyo, ghorofani. Waliopanga jambo hilo walikuwa watu wenye elimu na nia njema, na kila mmoja alikuwa na miguu miwili.

Kutoka Muhumba hadi Kasha ni kuukata mji wote, kushuka na kupanda na kushuka tena. Mtu wa kawaida huenda kwa taksi-basi. Georgette hakuwa amepandishwa taksi-basi tangu vita ianze, ingawa hakuna aliyemkatalia, maana Bukavu watu wana adabu. Dereva alipunguza mwendo, convoyeur, yule anayesimama mlangoni na kuita abiria, akaitazama baiskeli yake, akasema, "Maman, place iko, lakini ni ya mutu, si ya ile chuma." Gari likaenda zake. Angeweza kuiacha ile chuma barabarani na kupanda yeye peke yake. Lakini akifika angeshuka kwa miguu ya nani?

Chuma chenyewe ndicho kilichomlisha. Kilikuwa velo ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono, iliyounganishwa na mafundi wa misheni, na nyuma ya kiti ina sanduku la mbao ambalo mbuzi wawili wangeweza kulala humo bila kugombana. Pale kwenye daraja la Ruzizi kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: mlemavu mwenye kadi hatozwi ushuru. Labda mkuu fulani wa zamani aliona haya kumpekua mtu asiyeweza kusimama, na waliomfuata wakarithi haya hiyo pamoja na kiti. Wafanyabiashara hawakuona haya yoyote. Walijaza velo za walemavu unga, mafuta, betri na sabuni, na sehemu kubwa ya sabuni iliyofua mashati ya mabwana wa Muhumba ilivuka mto chini ya makalio ya Georgette. Misaada iliyoandikwa kwenye kadi, yaani mfuko wa unga na blanketi kila robo ya mwaka, hakuwahi kuiona. Kadi yenyewe ndiyo iliyokuwa msaada.

Na haikumsaidia yeye tu. Msukumaji wake, Mushagalusa, alikuwa mchimba dhahabu wa Mwenga, kifua kipana, maneno machache. Mwaka mmoja nyuma wanajeshi walimkamata yeye na mdogo wake wawabebee masanduku ya risasi msituni. Yeye alirudi baada ya wiki sita, mabegani ana makovu ya kamba. Mdogo wake hakurudi, na hakuna aliyemwambia wapi alipobaki. Mjini nako walikuwa wakikamata wanaume wenye nguvu kwenye vizuizi, ila vizuizini palikuwa na sheria inayofanana na ile ya darajani: mlemavu mmoja, msukumaji mmoja, wapite. Mradi Georgette alikuwa na kadi, Mushagalusa alikuwa mtu. Kadi ikipotea, yeye ni mabega mawili tu. Ndiyo maana siku ile ya Jumatatu, Aurore alipomweleza habari ya tangazo, hakucheka hata mara ya kwanza. Alikwenda kutia mafuta mnyororo.

Alhamisi waliondoka alfajiri. Barabara ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku, Georgette akizungusha mikono mbele, Mushagalusa akisukuma nyuma. Walipofika Nyawera jua limechomoza, wakamkuta bwana mmoja amesimama kando ya barabara, mnene kidogo, koti la kijivu, tai, mkoba wa ngozi amekumbatia kifuani. Taksi-basi zilikuwa zikipita zimejaa wanajeshi wanaokwenda upande wa Kalehe. Bwana alizipungia mkono zote, hata zile ambazo bunduki zilichungulia madirishani.

"Papa, hizi leo hazibebe batu," Georgette akamwambia. "Unaenda wapi?"

"Kasha, Maman. Kazi inafunguliwa saa mbili, na mie njo mwenye funguo. Gari yangu wanajeshi waliikamata juzi. Walisema ni ya saa moja tu."

"Saa moja ya juzi?"

"Ya juzi."

Georgette alimwonea huruma kweli. Alijua ni nini kusimama kando ya barabara magari yakakupita na nafasi zake. Akamwonyesha sanduku la nyuma, lililokuwa tupu siku hiyo. Bwana alitazama kulia na kushoto, akapandisha suruali kidogo isishike tope, akakaa juu ya sanduku, mkoba magotini. Mushagalusa akaanza kusukuma uzito wa watu wawili, na wa pili hakuwa mwepesi.

Sasa Georgette alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, na haukuwa ule wa miguu. Alipenda kusifiwa na watu waliosoma. Bwana yule alikuwa na kalamu mbili mfukoni na Kifaransa kilichonyooka, akauliza maswali mazuri, na Georgette akafunguka kama redio. Akamweleza jinsi anavyovuka daraja mara nne kwa siku. Akamweleza kilo mia mbili anazobeba, na kwa kuwa bwana alishangaa, zikawa mia mbili na hamsini. Akaapa kwamba hajawahi kuchelewa, hajawahi kuomba mtu, na binti yake anasoma kwa mikono hii. Aliinyanyua ile mikono, velo ikayumba.

"Maman," bwana akasema, na sauti yake ilikuwa imeguswa kweli, "nakuambia haki ya Mungu: weye si kilema. Bilema ni sisi."

Ni maneno ambayo kila mtu mwenye adabu mjini Bukavu humwambia mlemavu anayemheshimu. Georgette alikuwa ameyasikia mara nyingi, na kila mara yalimwingia vizuri. Alizungusha mikono kwa nguvu zaidi hadi chini ya mteremko, akitabasamu peke yake.

Kizuizi kilikuwa mahali barabara inapoingia upande wa Bagira: kamba, mapipa mawili, kijana mwenye bunduki. Georgette akaonyesha kadi. Kijana akahesabu: mlemavu mmoja, msukumaji mmoja, na huyu je?

"Huyu iko mugonjwa wa mugongo," Georgette akasema bila kupepesa. "Tunaenda naye kwa contrôle."

Bwana hakuhitaji kufundishwa. Mgongo wake ulipinda pale pale, mguu mmoja ukaning'inia, mdomo ukaenda upande. Alipinda vizuri hivi kwamba Georgette mwenyewe alitaka kumuuliza anaumwa wapi. Kamba ikashushwa. Walipokwisha kupita kona, mgongo ukanyooka, wote watatu wakacheka, hata Mushagalusa.

Mita mia moja kabla ya ofisi bwana akaomba ashushwe. "Apa inatosha, Maman. Nitatembea kidogo, ni muzuri kwa mwili." Akashukuru, akafuta tope kwenye viatu kwa jani la mgomba, akaondoka kwa hatua za mtu mwenye madaraka. Georgette hakuwa amemuuliza jina. Alidhani ni mwalimu mkuu, au mchungaji.

Nje ya ofisi walemavu walikuwa wengi, waliokuja kwa magongo, kwa migongo ya watoto wao, kwa toroli za kubebea mchanga. Ngazi zilikuwa ishirini na tatu. Juu kabisa, kwenye meza ndogo, alikaa karani aitwaye Nathalie, mwenye daftari lenye safu mbili. Aliyebaki chini hakuandikwa, maana hakufika. Aliyefika juu aliandikwa kwenye safu ya kwanza "amefika", na kwenye safu ya pili "anapanda ngazi". Mzee mmoja aliyepanda kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, alipoona kilichoandikwa kwenye safu ya pili aliomba ashuke ili aanze upya kwa namna nyingine. Nathalie alimjibu kwa upole kwamba ameshaandika kwa wino.

Mushagalusa alimpandisha Georgette mgongoni. Mlango ukafunguliwa, na nyuma ya meza kubwa, chini ya kalenda ya mwaka uliopita, alikuwa amekaa yule bwana wa asubuhi. Mbele yake palikuwa na kibao cha mbao: ADALBERT, MKURUGENZI.

Georgette alihisi furaha hadi tumboni. Mungu amempa mkubwa mzima abebe kwenye sanduku! Alijiona tayari anashuka ngazi na kadi mpya. Na Papa Adalbert naye alifurahi, hilo lazima lisemwe. Alisimama, akamkaribisha, akamwita Nathalie na daktari wa ofisi waje wamwone.

"Huyu Maman," akawaambia, "njo exemple. Anafanya kazi kupita sisi wote apa. Kilo mia mbili na hamsini! Nimeona na macho yangu." Daktari akatikisa kichwa kwa heshima. Papa Adalbert akakaa, akaivuta kadi ya Georgette, akaandika kwenye fomu kwa mwandiko mzuri, akisoma kwa sauti: "Ana kazi ya kudumu. Anasafiri bila tatizo. Si mlemavu." Akapiga mhuri.

"Papa, unaandika nini?"

"Kile niliona, Maman. Wafadhili banasema liste iko murefu sana. Règlement mupya iko wazi: mwenye kazi hana kadi, mwenye kadi hana kazi. Wengine watalia, lakini weye, hii ni heshima."

"Papa Directeur." Georgette akaikazia macho kadi. "Kazi yangu ni ile kadi. Ukiondoa kadi, kwa daraja sitapita. Nisipopita, kazi iko wapi?"

"Bon. Ukikosa kazi, utarudi na dossier ya kukosa kazi. Tutaisoma. Trois mois, miezi mitatu, pengine minne."

"Na katikati nitavuka aje?"

"Kama batu bote, Maman."

"Mie si batu bote!"

"Asubuhi uliniambia hauombe mutu kitu," Papa Adalbert akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake fadhila yake mwenyewe. Akachukua kadi, akaitia kwenye mkoba wa ngozi pamoja na mhuri. Ofisini hapakuwa na kabati lenye kufuli. Kila jioni alirudi nyumbani na ofisi yake yote mkobani.

Georgette alishuka ngazi zile mgongoni mwa Mushagalusa. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilimchoma kuliko hasira. Hakuna aliyemchongea. Alijichongea mwenyewe kwa mdomo wake, kwa ajili ya kusifiwa na kalamu mbili. Zile kilo hamsini za uongo zilimrudia moja moja.

Mushagalusa alitaka waondoke mara moja. Georgette akakataa. Wakakaa chini ya paa la jengo, mvua ikanyesha, ikakatika, walemavu wakatawanyika, ikafika saa tisa. Papa Adalbert akatoka amekumbatia mkoba wake. Akatazama barabara, ambayo haikuwa na gari lolote, kisha akaitazama velo.

"Maman," akasema, bila haya hata chembe, "tunarudi pamoja?"

"Tumuache apa," Mushagalusa akanong'ona. "Tumuache alale na ngazi zake."

"Kadi yangu iko mu sacoche yake," Georgette akajibu kwa sauti ya chini, macho kwenye mkoba. "Kule sacoche inaenda, na mie naenda." Kisha kwa sauti ya kawaida: "Panda, Papa."

Kwenye kizuizi yule kijana wa asubuhi hakuwepo. Palikuwa na sajini mwenye miwani ya jua na wanajeshi sita. Kando ya mapipa wanaume wanne walikuwa wameketi kwenye tope, wamevuliwa viatu. Nyuma yao yalipangwa masanduku ya kijani yenye vishikio vya kamba. Mushagalusa aliyaona masanduku yale, na velo ikasimama kabla ya mtu yeyote kuamuru isimame.

"Papier!" sajini akasema.

Georgette hakuwa amepanga atakalosema. Aliona tu kwamba ukweli peke yake ndio aliobaki nao. "Nilikuwa na kadi, Afande. Leo nimepona."

"Umepona?"

"Saa nne ya asubuhi. Huyu Papa njo aliniponya. Muulize, iko na cachet, ile muhuri."

Sajini akavua miwani. Akatazama miguu ya Georgette, miembamba, imekunjwa chini ya kitenge. Akamtazama Papa Adalbert, ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda wenyewe kwa mazoea. Kisha akacheka hadi wanajeshi wake nao wakacheka, na Georgette akajua kicheko cha namna hiyo huishia wapi.

"Kama Maman iko muzima, velo ni ya biashara. Na ninyi wawili ni wanaume wazima. Kita! Shukeni. Viatu pale."

"Mimi ni directeur," Papa Adalbert akasema.

"Directeur iko na mabega?"

Papa Adalbert alikuwa nayo, tena mapana. Akafungua mkoba. Kalamu ya kwanza ilimponyoka topeni, akatumia ya pili. Akaitoa kadi ya Georgette, akaiweka juu ya sanduku la velo, akaandika, akapuliza mhuri, akaugonga. "Kulikuwa na erreur," akasema. "Kosa ndogo ya bureau. Maman ni kilema. Ni kilema kabisa." Alimtazama Georgette, macho yakimwomba akubali kwamba ni kilema.

Sajini akaisoma polepole, neno kwa neno. "Bon. Mulemavu mumoja, musukumaji mumoja. Musukumaji ni nani?"

Mushagalusa aliyatazama yale masanduku. Makovu yake yalikuwa chini ya shati. Mkono mmoja wa Papa Adalbert, wenye saa ya dhahabu, ulikuwa umeshakamata chuma cha kusukumia. Haikujulikana umefika pale saa ngapi.

"Mushagalusa," Georgette akasema. "Musukumaji wangu ni Mushagalusa, mwana wa Mwenga. Huyu mwingine ni client, abiria."

Mwanajeshi mmoja akamshika Papa Adalbert koti. Na Georgette, ambaye tangu saa nne alikuwa akimwombea mabaya yote anayoyajua kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya kwao, akamwona ghafla bila viatu, na sanduku la kijani kichwani, anapotelea kwenye njia ya msitu alikopotelea mdogo wake Mushagalusa. Alikasirika kwa kumhurumia. Lakini alimhurumia.

"Papa," akasema, "si uko na formulaire zingine mu sacoche?"

Papa Adalbert alielewa upesi, hakuwa mjinga. Alitoa fomu nyingine, akaijaza jina lake mwenyewe, na safari hii kalamu haikumponyoka. Mgongo umeharibika. Hawezi kazi ya aina yoyote. Akapiga mhuri mara mbili kwa usalama. Sajini akaisoma, akamgeukia Georgette.

"Maman, ni kweli? Huyu ni kilema?"

"Afande, asubuhi nimemubeba, na sasa niko namubeba," Georgette akasema. "Kwa hii barabara sijamuona kutembea."

Hiyo ilikuwa kweli tupu, au karibu. Kamba ikashushwa. Wale wanne walioketi kwenye tope waliwatazama wakipita, na mmoja wao, mwenye umri wa kuwa na wajukuu, aliwaambia waende vizuri. Georgette aliitikia bila kugeuka, kwa sababu hakuweza kugeuka.

Georgette aliipata kadi mikononi mwake tu walipofika Nyawera, akaisoma kwenye mwanga uliobaki. Kwenye yake paliandikwa: mlemavu kwa muda wa miezi mitatu. Akaomba aione na ile ya Papa, eti alinganishe mihuri, na Papa kwa kusahau akampa. Kwenye ya Papa paliandikwa: mlemavu wa kudumu.

"Papa, yako haina mwisho," Georgette akasema.

"Nilikuwa na haraka, Maman. Mutu anaandika kile kinakuja."

Mpando wa kwenda Muhumba ulianza; kumbe Papa naye alikaa huko. Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa ya amri ya kutotoka nje, na baada ya saa hiyo doria hawakuuliza kadi ya mtu. Tope lilikuwa zito. Mushagalusa, aliyekuwa amesukuma tangu alfajiri, aliteleza, akainuka, akateleza tena. "Papa," akahema, "shuka basi, tusaidiane. Ni apa tu."

"Ningependa, ndugu yangu, ningependa sana," Papa Adalbert akasema kutoka juu ya sanduku, na alisema kwa huzuni ya kweli. "Lakini unajua apa kwetu batu bananijua. Mutu akiniona nasukuma, na papier inasema siwezi kazi ya aina yoyote, itakuwa aje? Règlement ni règlement."

Georgette akavuta breki. Velo ikasimama katikati ya mpando. Akakunja mikono kifuani, akajiegemeza.

"Maman, mbona tunasimama?"

"Tupumzike, Papa. Mie niko na miezi mitatu. Weye uko na maisha yote."

Mtu mmoja aliyechelewa akapita akikimbia. Mlango ukafungwa mahali fulani juu, kisha mwingine. Papa Adalbert akatazama saa yake, akatazama giza linalokuja kutoka ziwani, akatazama mgongo wa Georgette, ambao haukusogea. Alikohoa. Akashuka. Viatu vyake vikazama topeni hadi kwenye kamba. Akautundika mkoba shingoni, akashika chuma upande wa kushoto wa Mushagalusa, akainama, akasukuma.

Georgette akaachia breki. Velo ikapanda vizuri, moja kwa moja, bila kuteleza hata mara moja, hadi juu kabisa, mbele ya lango la Papa Adalbert, ambako mke wake alikuwa amesimama na taa, mdomo wazi.

"Papa," Georgette akasema, akiigeuza velo kuelekea nyumbani kwake mwenyewe, "nakuambia haki ya Mungu: weye si kilema."